Kazi ya gereji Mombasa: namna ya kuifanya bila kichwa kupasuka

Nimeshika spana miaka mingi saa hii, nilianza nikiwa kijana wa kutumwa soketi na chai, na nikwambie ukweli, gari yenyewe haijawahi kunitoa machozi. Kilichonitoa machozi ni bolti ilokatika saa kumi na moja jioni, mteja anaesema "tangu uiguse", na spana namba kumi isoonekana. Vijana waniuliza, ami wewe huwa hukasiriki? Nakasirika sana tu. Ila nimekuja kuona hasira nyingi za gereji zaanza kabla hujafungua hata boneti, pale ulipopokea gari bila kuuliza, bila kuandika, bila kulowesha bolti usiku wa jana. Haya ndo nnayowafunza wale wangu, chukua yanokufaa.

Kupokea gari

Mteja akifika hakwambii ugonjwa, akwambia dawa. "Fundi nibadilishie plagi." Ukizibadilisha na gari ikaendelea kutetema, plagi alizotaka mwenyewe zishakuwa kosa lako. Basi usikubali dawa, uliza ugonjwa. Yafanya nini, yaanza lini, ikiwa baridi ama ikishapata moto, ukienda ama ukisimama? Mfano gari yapandisha moto, mimi swali langu la kwanza ni wapi. Akisema ni kwenye foleni ya feri Likoni, akivuka akaanza kwenda sindano ya joto yashuka, basi anza na feni, maanake ukiwa mbio upepo wa njia wafanya kazi ya feni na ukisimama ndo waona kama feni yafanya kazi ama yalala. Akisema foleni yaivumilia lakini akipanda ule mlima wa Mazeras sindano yaenda juu, hapo nawaza rejeta iloziba, maji yamepungua, pampu. Swali moja tu lishakupunguzia nusu siku ya kubahatisha. Na ikiwezekana ingia ndani ya gari muende nae kidogo, utaskia mwenyewe ile "sauti fulani" anayoiiga kwa mdomo, maana kila mteja ana kru-kru-kru yake na hakuna inayofanana na ya mwenzake.

Halafu piga picha. Simu iko mfukoni, zunguka gari pembe zote nne, piga dashibodi ikiwa swichi iko on ili taa zote zinowaka na kilomita zionekane, piga mafuta yako wapi, umtumie WhatsApp hapo hapo akiwa bado amesimama mbele yako. Nilijifunza hii kwa uchungu lakini ikaja kunilipa. Mzee mmoja nilimbadilishia pedi za breki za mbele, akarudi wiki mbili baadae amevimba, tangu uiguse hii gari taa ya eabegi haizimi. Nikafungua picha ya siku alonileteya, taa ile ile inawaka kama taa ya mskitini Ramadhani. Akaitazama, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "sasa na hii utanitengezea shilingi ngapi?" Bila ile picha ningeshinda siku nzima nikiapa wallahi na hakuna ambae angeniamini.

Na kuangalia ni kazi. "Ni kuangalia tu fundi" ndo maneno yaloua gereji nyingi. Weka bei ya kuangalia, hata iwe ndogo, mwambie mapema akikufanyisha kazi utaikata kwenye hesabu. Ndugu na majirani pia waambie, wao ndo hasa, kwani mjomba akiona bure leo kesho aleta gari ya rafikiye.

Chumvi, adui yetu

Hapa ndo pana maneno. Fundi wa Nairobi akija kufanya kazi pwani wiki ya kwanza adhani bolti zote zimechomelewa. Hewa ya bahari ina chumvi, joto lipo, unyevu upo mwaka mzima, chuma kinaliwa hadi ndani ya nyuzi za bolti, na pale chuma kinapokutana na aluminiamu na chumvi iko katikati ndo kabisa, vyashikana. Gari zinazolala karibu na ufuo, Nyali kule, Bamburi, Shelly, ukiinama chini wajua tu. Lakini wafalme wa kutu ni pikapu za samaki. Barafu yayeyuka na maji ya samaki, yatiririka kwenye chasi, kwenye paipu za breki, kwenye shoki za nyuma, kila siku ya Mungu.

Ililetwa moja kwangu asubuhi, shoki za nyuma zimekufa, na mwenyewe alfajiri ya kesho yake atakiwa awe Shimoni kuchukua mzigo. Bolti ya chini nikaiona imekuwa rangi ya halua, nikasema ah, nina haraka, nikatia paipu ndefu kwenye racheti nikavuta. Ikatoa kwii, nikafurahi, nikavuta tena, na safari hii spana ikawa laini ghafla, laini kama umetia kisu kwenye muhogo wa nazi. Hiyo sio bolti kufunguka, hiyo ni bolti yanyongeka. Kichwa kikabaki ndani ya soketi, mwili ukabaki umegandana na ile bomba ya chuma ilo ndani ya bushi. Nikachukua grainda, na stima ikapotea. Nilikata ile bolti na msumeno wa mkono nimelala chali kwenye maji ya samaki mpaka isha, kutu yaniingia machoni, na mwenye gari amekaa kwenye debe pembeni aniuliza kila dakika tano, "fundi, bado?"

Kwa hivyo fanya hivi. Kama gari yaja kesho, mwambie ailete leo jioni dakika kumi tu. Piga bolti brashi ya waya mpaka nyuzi zinoonekana ziwe safi, mimina mafuta ya kupenya, gonga kichwa na nyundo mara kadhaa, sio kwa hasira, mitetemo ndo yafungua njia mafuta yaingie, halafu iache ilale. Asubuhi rudia. WD-40 ni nzuri lakini kazi yake ya asili ni kufukuza maji, kwa bolti ilogandana tafuta mafuta ya kupenya yenyewe, ama ufanye kama tunavyofanya wengi, oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu kwenye kopo, ulitikise kila unapotumia maana vyatengana. Asetoni yashika moto haraka na yala plastiki na rangi, usiimwage ovyo, wala usivute sigara hapo karibu.

Siku ya kufungua tumia soketi ya pembe sita, wachana na ile ya pembe kumi na mbili kwenye bolti iloliwa, itakula kichwa cha bolti kikawa mviringo kisha uanze kulia. Anza kwa kuikaza kidogo, ndio, kuikaza, ule mshiko wa kutu uvunjike, kisha fungua. Ikija robo ikakataa irudishe ndani, tia mafuta, ije tena, nenda rudi nenda rudi hivyo hivyo. Na sikiliza mkono wako, kwii ni sawa, ulaini wa ghafla simama.

Ikikataa kabisa ndo moto. Choma nati, sio bolti, maana wataka nati ipanuke imwachie mwenzake. Tazama kwanza nini kiko karibu, paipu ya breki, bushi ya mpira, tangi. Na kama ulisafisha hapo na breki klina, soma kopo lake, zile zenye klorini zikipata moto zatoa gesi ya sumu mbaya sana, hii sio ya kujaribu. Kama ishakatika na kipande kimetokeza, weka nati juu yake, mwite wa kuchomelea aijaze kwa ndani, ile joto pamoja na mahali pa kushika spana mara nyingi yaitoa. Kile chuma cha kutolea bolti zilokatika, kile cha kizigizagi, mimi nakiogopa, kikikatikia ndani ni kigumu kuliko keekee yako na hapo umejichimbia kaburi.

Ukirudisha, tia grisi ya shaba kwenye nyuzi ili yule fundi wa miaka mitatu ijayo akuombee dua. Isipokuwa nati za tairi, hizo zirudi kavu na safi na zikazwe kwa kipimo, Toyota ndogo nyingi ni 103 Nm, sio kijana apande juu ya spana aruke ruke. Na ukipata Fuso za zamani kumbuka nati za upande wa kushoto zafunguka kinyume, nishaona watu wawili wamening'inia kwenye paipu wakizidi kuikaza huku wanatukana.

Maji ya kisima na thamostati ilotupwa

Hasira yangu ya pili kwa ukubwa ni rejeta. Maji ya visima vingi hapa yana chumvi, tunayajua, nguo zikifuliwa sabuni haitoi povu vizuri. Sasa mtu huyo huyo ambae hawezi kupikia chai maji hayo aichukua ndoo na kuitia kwenye injini. Ukivua hozi waona unga mweupe na kijani kwenye mdomo wa aluminiamu, maji yenyewe rangi ya chai ya rangi, na pampu ishaliwa mapanga. Halafu gasketi ya hedi ikienda ati gari ni mbovu.

Mwambie mteja kwa lugha rahisi kwamba kulanti sio maji ya rangi, ina dawa ya kuzuia kutu na yapandisha kiwango cha kuchemka, na hiyo ndo kazi tunoitaka huku kwenye joto, mambo ya kuzuia maji yasigande barafu ni ya Ulaya. Inouzwa tayari ishachanganywa itie vile ilivyo, ilo nzito ichanganye na maji ya betri, yale safi yaso na asidi, ama maji yalochujwa ya chupa, mvua pia ukiikinga safi yafaa kuliko kisima. Na kabla ya kutia mpya, safisha mfumo mpaka maji yatoke meupe, uitoe hewa yote, maana gari nyingi zinorudi baada ya siku mbili "bado yapanda moto" ni hewa tu imebaki. Kifuniko cha rejeta usikiguse injini ikiwa moto hata mteja akikuharakisha vipi. Humo ndani maji yako chini ya presha na yamepita digrii 100 bila kuchemka, ukifungua yachemka yote kwa mpigo na yaja usoni kwako.

Sasa thamostati, ile valvu inozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto. Kila gari ya tatu inayonijia na tatizo la joto, nikifungua nyumba ya thamostati naikuta tupu. Fundi alotangulia aliitoa, "huku kwetu joto haina kazi". Ina kazi sana. Kwenye Vitz na Probox nyingi yafunguka karibu digrii 82, ukiitoa injini yachelewa kupata moto, kompyuta ya gari yadhani bado ni asubuhi yaendelea kumwaga petroli, mteja alia na mafuta. Na kuna injini thamostati ikitoka maji yapita njia ya mkato hayaendi rejeta inavyotakiwa, kwa hivyo gari yapanda moto zaidi. Usimseme fundi mwenzio mbele ya mteja, mwoneshe tu lile shimo tupu, mwekee mpya, mwisho.

Mashini ya kupima

Siku hizi kila mteja ana kale kadude ka bluetooth kanosoma makosa ya gari kwenye simu. Aja na jibu, "fundi, kompyuta yasema senza ya oksijeni". Kompyuta haijasema ubadilishe senza, imesema imeona kitu cha ajabu hapo. Namba ya kosa P0171 kwa mfano maana yake ni hewa imezidi petroli, na hewa yaweza kuingia kwenye hozi ilopasuka ya shilingi mia, gasketi ya manifoldi, senza ya hewa ilo chafu, ama pampu ya petroli imechoka haisukumi. Senza mara nyingi ni mchongezi tu, na mchongezi hapigwi. Soma namba, iandike, futa, endesha, tazama kama yarudi, halafu tafuta kwa macho na masikio kabla hujamtuma mteja dukani. Nishakula hasara ya senza mbili zamani nikiamini mashini, nilizilipa mimi.

Spana ya kumi

Wengi hawajui kwa nini ni kumi ndo inopotea. Gari za Kijapani bolti ndogo za M6, yaani unene wa milimita 6, vichwa vyake ni 10, M8 ni 12, M10 ni 14, na hizi za M6 ndo zimeshika kila kitu, betri, kava, koili, plastiki zote za chini. Kwa hivyo kumi yashikwa mara hamsini kwa siku, na hamsini mara yawekwa juu ya injini. Ile 13 yako ya seti iko safi kwenye boksi, yang'aa, haijui hata jua. Nunua kumi tatu nne za ziada, zipake rangi nyekundu, na weka trei ya sumaku. Kabla boneti haijafungwa hesabu, kama haipo gari haitoki, maana ipo kwenye fenda ama imekaa juu ya mkanda wa altaneta na ikidondoka pale hutaipenda sauti yake. Na vyombo haviazimwi. Jirani akitaka soketi mwambie alete gari hapa nimfungulie mwenyewe.

Kuna kazi nyingine ugumu wake ni wa kuzaliwa nao. Nissan Tiida na Note ya zamani plagi ziko chini ya manifoldi, lazima uitoe yote na gasketi mpya, sasa ukimtajia mteja bei ya plagi za Vitz umejifunga. Tazama injini kwanza ndo utaje bei. Na giaboksi za CVT, zile otomatiki zisobadilisha gia kwa hatua, usitie oili ya otomatiki ya kawaida hata mteja akija nayo mkononi, kataa, mwache akasirike leo.

Gari ilozimika kwenye maji mvua za masika usiipige stata. Maji hayabaniki, pistoni yakutana nayo na koni rodi, ule mkono unoshika pistoni, yapinda. Toa plagi kwanza, zungusha maji yatoke, tazama oili kama imekuwa maziwa. Mwambie mteja kwa simu kabla hajajaribu yeye, ijapokuwa tisa kati ya kumi ashajaribu.

Spea, simu na pesa

Agiza spea kwa namba ya chasi, sio kwa "ni ya Fielder". Ikifika iweke pembeni ya ile kuukuu kabla hujafunga, hesabu meno, hesabu mashimo, pima urefu. Akileta yake mwenyewe andika kwenye risiti "spea ya mteja", ikifa baada ya mwezi utafunga tena kwa malipo. Ilotoka mfungie kwenye karatasi umpe, hata kama ni takataka, aende nayo, ile yamtuliza kuliko maneno yote maana kila mtu adhani fundi kamuibia.

Simu ndo hazina dawa kamili. "Imefika wapi?" mara saba kwa siku na kila ukipokea wavua mkono kwenye grisi. Mimi huongeza muda, kazi ya saa tatu nasema kesho, halafu napiga mimi kwanza baada ya adhuhuri, natuma picha moja. Ukipiga wewe kwanza hupigiwi mara saba, wapigiwa mbili.

Spea ni dipozi mbele, kazi ni malipo kabla ya ufunguo. "Nitakutumia jioni" jioni hiyo haina tarehe. Na subiri meseji ya M-Pesa iingie kwenye simu yako wewe, usitazame kioo cha simu yake, kuna watu waoneshana meseji za kuandika.

Mikono mwishowe. Asubuhi kabla ya kazi kwaruza kipande cha sabuni ya kufulia kucha zijae, grisi haitapata pa kuingia, na jipake mafuta ya nazi kidogo. Oili chafu ya injini sio rafiki wa ngozi, yaleta saratani ukiishi nayo, vaa glavu kama zipo, na usinawe kwa petroli kama tulivyofunzwa na wakubwa wetu. Mafuta ya kula kwanza, sugua, kisha sabuni ya unga na sukari, sugua tena mpaka mishono ya vidole. Ijumaa, kabla ya sala, anza kunawa saa tano na nusu, saa sita haitoshi kwa mikono hiyo.